Namna Muthoka Alivyomhesabu Mwikali

Juzi jirani yangu hapa Athi River alifungua gunia la mahindi ambalo lilikuwa limekaa stoo likasahaulika. Vumbi la fukusi likapanda, na ile harufu ikaingia nyumba zote za ploti. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Niliziacha kitandani nikatoka nje, nikakaa kwa ngazi nikiwa nimefunika pua na leso. Jirani akaniona, akacheka.

"Mama Kevo, kwani uko na mimba na umri huu?"

Nikamwambia ni pua tu inanisumbua. Hangeelewa. Yeye ni wa juzi.

Lakini nyinyi wa umri wangu mliokulia Ukambani mnaijua harufu hiyo. Ni harufu ya mahindi ya njano, mahindi ya serikali, yale yaliyokuja na magunia yaliyolowa yakakauka yakalowa tena. Ilikuwa kama ya panya na ya sukari kwa pamoja. Ukisaga, ugali unatoka rangi ya iodini, na ukishaula unaunusa kwa mikono yako mpaka kesho. Nasikia wengine wanayakumbuka kwa kucheka, ati tulikula chakula cha ng'ombe wa wazungu. Mimi siwezi kucheka. Nitaandika vile ilikuwa, na nitataja majina, kwa sababu waliofanya walikuwa na majina. Muthoka, aliyekuwa naibu wa chifu kisha akawa chifu. Mke wake, Mama Syombua. Na Ngila, mzee wa kijiji. Ngila amekufa. Muthoka bado yuko, na akienda matangani anapewa kiti cha mbele. Sikusoma sana, kwa hivyo naandika vile naongea.

Kwetu ni mbele ya Kithyoko, ukishuka upande wa Tana. Ni mgongo wa mawe na miiba, nyumba moja hapa, nyingine kule mbali, mpaka jirani akikuita unasikia mwangwi kwanza. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto wa mchanga. Ofisi ya chifu, ng'ambo. Maji ya bomba, ng'ambo. Watu wa mgongo wetu walikuwa wanachukuliwa kama mkia wa lokesheni ya wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya Muthoka kila baraza: sisi ni mkia. Tukiwa watu wengi, serikali itatukatia lokesheni yetu wenyewe. Hakusema nani atakuwa chifu wa hiyo lokesheni, lakini alikuwa ameshashonesha koti.

Nyumbani tulikuwa wanawake watupu. Mwaitu, yaani mama yetu. Susu, nyanya yetu, mama ya baba. Dada yangu Mwikali. Na mimi. Baba alikuwa Nairobi, anaonekana Krismasi, na hata hiyo Krismasi si kila mwaka.

Mwikali alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa anaweza kupiga mluzi kama mchungaji, kitu ambacho Susu alimkataza kila siku, naye anapiga tu. Alikuwa ananifunga vifungo vya nyuma vya gauni huku ametafuna ulimbo wa mti, na pumzi yake nyuma ya shingo yangu ilikuwa inanukia huo ulimbo. Surua ilipoingia ilimpata yeye. Mimi nilipelekwa Wamunyu kwa shangazi, kwenye vumbi la wachonga vinyago, nikakaa huko nikicheza na vipande vya miti, sijui lolote. Niliporudishwa, upande wa Mwikali wa kitanda ulikuwa mtupu na blanketi lake halipo.

"Mwikali ako wapi?"

"Ameenda," Susu akasema.

Hakuna aliyeniambia zaidi. Na mimi kwa akili yangu, mtu aliyeenda anarudi. Baba si alikuwa anaenda na kurudi? Sikulia. Nilingoja tu, vile tulikuwa tumezoea kumngoja baba.

Sasa kuna jambo moja la kwetu lazima nilieleze, maana hapo ndipo Muthoka alitushikia. Mama wa kwetu hahesabu watoto wake. Wala mbuzi wake. Ukimuuliza una watoto wangapi atakujibu, "Wako." Ukitaka kujua zaidi, jitazamie mwenyewe. Kutaja hesabu ya watu wako kwa mdomo wako ni kama kumuonyesha mwizi mlango. Kwa hivyo serikali iliposema inakuja kuhesabu watu, wanawake wa mgongo walishikwa na hofu, na wengine walisema watakimbilia mtoni siku hiyo na watoto wote.

Muthoka akaita baraza. Nilikuwa nimekaa kwa miguu ya Mwaitu, nikitoa miiba kwa soli ya kiatu changu.

"Mimi pia ni wa hapa," akasema. "Mama yangu hakunihesabu. Sasa mnafikiri nitawalazimisha? Hakuna mama atafungua mdomo. Ngila hapa anajua kila nyumba, anajua hata kuku wa nani anatagia kwa nani. Atasimama mlangoni aongee kwa niaba yenu. Nyinyi endeleeni na kazi zenu."

Wanawake walipiga makofi. Mwaitu pia alipiga. Walifikiri wamehurumiwa.

Mhesabu alikuwa kijana mgeni, amechomwa na jua mpaka masikio, na chaki mfukoni. Kwetu alifika saa ya kuchambua maharagwe. Ngila alisimama mbele yake na lile koti lake la jeshi ambalo hakuna jeshi lilimpa, na Muthoka nyuma yao, amefunga mikono.

"Hapa," Ngila akasema, "kuna Mama Mwikali, huyo unamuona. Kuna mama mkwe wake, yule pale anaota jua. Kuna Mwikali. Na kuna huyu mdogo anatukodolea macho."

Mkono wa Mwaitu ulisimama ndani ya ungo.

"Mwikali yuko wapi?" kijana akauliza.

"Ameenda mtoni."

Nakumbuka Mwaitu aliinua macho akamtazama Muthoka, si Ngila. Muthoka akamwambia kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayefariji: mama Mwikali, tunahitaji watu. Na Mwaitu angesema nini? Kukanusha, ingebidi ataje kwa mdomo wake nani amebaki na nani ameenda, mbele ya mgeni, na hiyo tayari ni kuhesabu. Alikuwa amemzika mmoja. Nafikiri aliogopa kwamba akiongea atampoteza na huyu mwingine. Akarudisha macho kwa maharagwe. Kijana akachora kitu kwa chaki mlangoni, wakaenda.

Mimi nilikuwa nimeshakimbia. Ngila amesema Mwikali yuko mtoni, na Ngila ni mtu mzima. Nilishuka mpaka kwenye mchanga, nikapita wanawake waliokuwa wakichimba visima, nikiangalia ndani ya kila shimo na kuita. Wanawake waliacha kuchota wakanitazama. Niliporudi nikamwambia Mwaitu kwamba nimemkosa, nafikiri tumepishana njiani. Alinichapa kofi moja. Halafu akanishika akanikumbatia mpaka nikashindwa kupumua.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa nyumba ya kawaida. Susu alisema mtu akishazikwa halafu aitwe tena pamoja na walio hai, hajui akae wapi. Alikuwa anasema hivyo huku anaangalia mlango. Asubuhi akiamka anamwaga maji kidogo nje kabla hajanawa uso. Stuli ya Mwikali haikukaliwa. Mlango ukifunguliwa na upepo mchana, Mwaitu na Susu wananyamaza wote wawili, wanangoja, ndipo mmoja anaenda kuufunga. Mimi nilikuwa nafurahi mlango ukifunguka. Nilijua ni nani wanamngoja, ila sikuelewa kwa nini hawafurahi.

Lokesheni ilitoka. Muthoka akawa chifu kamili na koti lake. Na mvua ikakosa, na ile iliyofuata ikakosa, na lori la mahindi ya njano likaja mpaka shule ya msingi.

Kugawa kulikuwa asubuhi, chini ya bati la darasa ambalo halikuwa na ukuta. Ngila ndiye aliita majina. Hakujua kusoma, aliita kutoka kichwani, nyumba kwa nyumba, na kila jina lilikuwa na maneno yake. "Mutindi, hilo beseni umekuja kuchukua chakula ama kuoga? Nduku, simama vizuri, njaa haijakufikia, bado una makalio." Watu walicheka, kwa sababu asiyecheka hupimiwa nusu. Gorogoro, lile kopo la kupimia, inachota, inakung'utwa, inamwagwa.

Akafika kwetu. Akamuita Mwaitu, akapimiwa. Akamuita Susu, akaniita mimi. Halafu akaita, "Mwikali."

Mama Syombua alikuwa amesimama karibu na magunia, na kitambaa cheupe kichwani. Akasema, "Huyo anakaa kwangu siku hizi, ananisaidia na kazi. Nitampelekea." Na gorogoro ya Mwikali ikamwagwa kwa gunia la Mama Syombua.

Mzee Nthenge pia aliitwa, yule aliyeumwa na nyoka nikiona. Naye ati alikuwa kwa Mama Syombua. Waliitwa wengine. Leo najua wote walikuwa wafu, na gunia lile lilijaa kwa midomo yao na kuuzwa dukani kwa Muthoka. Wazee walikuwa wanaangalia chini. Kila mmoja alikuwa na sufuria yake ya kuogopea.

Lakini mimi siku hiyo niliona mwanga. Kumbe yuko. Kumbe amekaa kwa nyumba ya mabati, anakula vizuri, ndiyo maana harudi. Hata wivu ulinishika.

Nilienda. Kwa Muthoka kulikuwa na ua wa kaiyaba na mbwa aliyefungwa. Nilisimama langoni nikaita jina la dada yangu, na Mama Syombua akatoka akipangusa mikono.

"Unataka nini wewe?"

"Namtaka Mwikali."

Sura yake ilibadilika kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Angeniambia ukweli hapo. Ni neno moja tu. Nilikuwa mtoto, ningelia nikaenda nyumbani.

"Amelala," akasema.

"Nitamngoja."

"Usingoje. Akiamka nitamwambia ulikuja." Akaingia ndani akarudi na mandazi, akanipa, akanigeuza kwa mabega nielekee barabarani.

Nilikula nusu. Nusu nyingine niliisokota kwenye miiba ya kaiyaba, mahali ambapo mtu wa ndani angeiona. Niliporudi siku nyingine haikuwepo. Sikufikiria ndege, wala chungu. Nilijua Mwikali ameamka akaila. Nikazoea. Nikawa nashuka mara kwa mara, Mama Syombua ananipa kitu ili niondoke, naacha nusu. Mama Syombua huyo leo ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na husali kwa sauti kubwa. Mimi najua ni mikono gani anayoinua.

Siku nilipomwambia Mwaitu kwamba Mwikali anakula mandazi yangu, alikuwa anakoroga uji. Aliacha kijiko ndani ya sufuria, akaniuliza tena, nikamweleza yote. Uji ukaungua. Hakuugusa.

Kwenye baraza iliyofuata aliinua mkono.

"Sema, Mama Mwikali," Muthoka akasema.

"Chifu, sikuja kulilia chakula. Nataka umtoe mtoto wangu."

"Nimtoe wapi?"

"Kwa watu wako. Amelala shambani kwangu, karibu na mkonge. Ulikuja matangani ukaona udongo, ukala hata githeri. Sitaki aitwe tena."



"Jua limempiga huyu mama," Ngila akasema. "Mpeni maji ya kichwa." Wachache wakacheka, si kwa furaha.

Muthoka hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mwalimu mzuri. "Kwa hivyo unasema serikali ilihesabu nyumba yako vibaya."

"Ilihesabu vibaya."

"Sawa. Kama ilikosea kwa mmoja, imekosea kwa wote. Siwezi kugawa chakula cha serikali kwa nyumba yenye makosa. Ngila, hii nyumba usiite tena mama, wala nyanya, wala huyo mtoto mdogo, mpaka serikali ije ihesabu upya."

"Itakuja lini?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Serikali ikitaka."

Mimi nilisikia vizuri majina aliyoyataja. Mwaitu pia alisikia. Muthoka hakumtoa Mwikali.

Sitaeleza njaa sana. Aliyeipita anajua, na ambaye hajaipita atafikiri naongeza chumvi. Tulichemsha ngozi ya kiti. Tulilamba mkwaju mpaka ulimi ukatoka ngozi. Majirani walikuwa wanatupitia mbali, si kwa ubaya, walikuwa hawana uso wa kutuletea. Susu alikuwa kila wakati ameshakula. "Mimi nimekula, kula wewe." Ameshakula lini na nini, sikuuliza. Mdomo wake ulikuwa unanuka kama sufuria iliyokauka motoni. Alikufa mchana, ameegemea ukuta pale pale alipozoea kuota jua, na mimi nilikuwa kando yake nikimfukuzia nzi kwa muda mrefu kabla Mwaitu hajarudi kutoka mtoni akaniambia niache.

Mwaitu alienda kwa Muthoka kuomba karatasi ya kuzika. Akajibiwa kwamba huyo mama si wa lokesheni yake, hamjui, hawezi kuandika kifo cha mtu ambaye hayuko. Tulimzika bila karatasi. Wanaume wa mgongo walikuja na majembe bila kuitwa, wakachimba, wakafukia, wakaenda.

Ndipo habari ikaja kwamba mkubwa wa tarafa, D.O., atakuja kusimamia mgao mwenyewe, kwa sababu kelele zilikuwa zimefika kwake. Siku hiyo asubuhi Mwaitu alifungua sanduku akatoa gauni la Mwikali, lile la buluu lenye kola. Alikaa nalo mapajani muda mrefu. Halafu akaniita, akanivalisha, akanifunga vifungo vya nyuma. Likanifika kwenye vifundo vya miguu.

Njiani akasema, "Leo ukisikia jina la Mwikali, wewe ndiye."

"Na yeye mwenyewe akisikia?"

"Hatasikia."

"Lakini yuko pale kwa Mama Syombua, karibu kabisa."

Mwaitu alikaa chini. Alikaa barabarani, kwenye vumbi, na mimi nimesimama, kwa hivyo macho yetu yalikuwa sawa. "Mwikali alikufa," akasema. "Ulipokuwa Wamunyu. Pale karibu na mkonge ndipo yuko, wewe huruka hapo ukifukuza mbuzi. Kwa Muthoka hakuna mtu. Hajawahi kukaa mtu."

Nikamuuliza yale mandazi aliyala nani. Nikamuuliza sasa mimi nikiwa Mwikali, mimi atakuwa nani. Akasimama, akajikung'uta, akanishika mkono, na tukaenda.

D.O. alikuwa amekaa kwa kiti cha mwalimu mkuu, mtu mnene mpole aliyekuwa akijipepea kwa kofia. Ngila aliita kwa adabu siku hiyo, bila utani. Nyumba yetu aliipita, vile alivyoamriwa. Lakini majina ya gunia la Mama Syombua yalikuwa yameshamkaa mdomoni, alishayazoea kama sala. Alipofika hapo ulimi ulimtangulia.

"Mwikali."

Mama Syombua alifungua mdomo, akamuona D.O. akigeuka, akaufunga. Mwaitu akanisukuma mgongoni.

"Huyu hapa."

Ngila aliniangalia mimi, akaangalia gauni, akamwangalia Muthoka. Muthoka aliniangalia, na nakumbuka macho yake mpaka leo, kwa sababu yalikuwa yananijua. Alijua jina langu. Alijua mimi ni yule mdogo. Angelisema, ingebidi aseme pia Mwikali wa kweli yuko wapi, na tangu lini, na gorogoro zake zote zimeenda wapi.

"Mbona mmesimama?" D.O. akauliza. "Si ndiye huyu? Wewe ndiye Mwikali?"

"Ndiyo."

"Mpimieni mtoto, jua ni kali."

"Mpimie," Muthoka akasema.

Tulikula. Tulikula kwa jina hilo mpaka mvua ikarudi, Mwaitu na mimi, gorogoro moja kwa wawili. Hakuruhusu niitwe vingine hata ndani ya nyumba, asije mtoto wa jirani akasikia akapeleka maneno. Mwanzoni alikuwa akiniita Mwikali na kugeuza uso. Baadaye hakugeuza. Shuleni niliingia kama Mwikali. Kitambulisho nilichukua cha Mwikali, na Muthoka ndiye aliyepiga muhuri, aliniuliza jina nami nikamtajia, akaandika, tukaachana. Kitambulisho hicho kinasema mimi ni mzee kuliko nilivyo, na kiwandani ninakoshona nguo watanistaafisha kabla ya wakati wangu. Mwanamke aliye mkubwa wangu ndiye anayefanya kazi pale. Mimi namshonea tu.

Mwaitu alipougua mwisho, nilikaa naye hospitali Machakos. Kichwa chake kilikuwa kizuri, alikuwa anajua siku na anajua wauguzi kwa majina. Baba alishakufa, Susu alishakufa, na mimi nikahesabu kwamba amebaki yeye peke yake wa nyumba yetu anayejua jina nililopewa nilipozaliwa; wengine wanaolijua ni kina Muthoka. Nikamwomba aniite kwa hilo jina, mara moja tu. Nikamtajia, nikidhani labda limempotea.

Alinitazama vizuri, akanishika mkono, kama mtu anayetafuta namna ya kumpa mwenzake habari mbaya.

"Huyo alikufa wakati wa njaa," akasema. "Wewe ulimpenda sana, Mwikali. Ulimfunga vifungo."